Nyuzi Mbili, Kiini Kimoja: Haipathredi katika Kompyuta za Mtumba za Karatu

Karatu ni mji wa njiani na vilevile ni mji wa kazi. Magari ya watalii yanayotoka Arusha hupita humo kuelekea lango la Lodoare la Ngorongoro, na kandokando ya barabara hiyo ya lami zimejipanga steshenari, ofisi za kampuni za utalii, shule na nyumba za wageni ambazo maandishi yake yote, kuanzia barua za maombi ya kazi hadi ratiba za safari na mitihani ya majaribio, hupitia katika kompyuta. Nyingi ya kompyuta hizo ni za mtumba, yaani zilitumika miaka kadhaa katika ofisi za nchi nyingine kabla ya kuingizwa Tanzania na kuuzwa upya, nazo ndizo zinazolipa uzito swali la makala haya: je, kompyuta ya zamani inayosuasua inaweza kuongezewa kasi, bila kutumia hata shilingi moja, kwa kuwasha tu uwezo wa prosesa ambao kampuni ya Intel imeupa jina la Hyper-Threading, na ambao hapa utaandikwa haipathredi? Jibu fupi ni kwamba mara nyingi inafaa kuiwasha, na kwamba mara nyingi zaidi mwenye kompyuta hataona tofauti yoyote; jibu refu ni kueleza kwa nini mambo hayo mawili hayapingani.

Prosesa, ambayo huitwa pia kichakataji, ni kipande cha silikoni kinachotekeleza maagizo ya programu kwa kufuata mapigo ya saa yake ya ndani, na ile ya gigahezi 3 hupiga mapigo bilioni 3 kwa sekunde. Ndani yake mna kiini kimoja au zaidi, na kiini ndicho chenye vifaa halisi vya kazi: vya kujumlisha na kutoa, vya kushughulikia namba zenye desimali, vya kuleta data kutoka kwenye kumbukumbu na kuirudisha. Mfululizo wa maagizo unaofuatwa na kiini huitwa uzi, na jina hilo linafaa, kwa kuwa maagizo hufuatana kama shanga zilizotungwa. Kiini cha kawaida hushika uzi mmoja tu kwa wakati mmoja. Mfumo endeshi, yaani Windows, Linux na mfano wake, huuondoa uzi huo na kuweka mwingine mara nyingi sana ndani ya sekunde moja, na ndiyo maana mtumiaji hudhani kwamba muziki, kivinjari na hati anayoiandika vinakwenda sambamba.

Hata kiini kilichopewa uzi hakifanyi kazi muda wote. Data inayohitajika isipopatikana kwenye kashe, ambayo ni kumbukumbu ndogo na ya haraka iliyomo ndani ya prosesa yenyewe, kiini hulazimika kuifuata kwenye kumbukumbu kuu, ile inayojulikana madukani kama RAM, na safari hiyo huchukua takriban nanosekunde 100. Kwa binadamu huo si muda wa kutajwa, lakini kwa prosesa ya gigahezi 3 ni mapigo yapatayo 300 yaliyopita huku vifaa vingi vya kiini vikikaa bure. Hata pale data inapokuwa karibu, uzi mmoja ni nadra kuvishughulisha vifaa vyote kwa mpigo mmoja, kwa sababu agizo moja mara nyingi husubiri jibu la agizo lililotangulia.

Mfano ulio karibu na msomaji wa Karatu ni mashine ya kusaga mahindi. Mashine ikiwa imeshawashwa na mteja aliye mbele akawa bado anahangaika kufungua gunia lake, injini huendelea kunguruma, nyundo huzunguka tupu na dizeli huliwa bure. Mwenye mashine akiruhusu wateja wawili wasimame kwa pamoja kwenye mdomo wa mashine, kila mmoja na debe lake, yule wa pili humimina wakati wa kwanza anafungua gunia, na nyundo hazikai bila kazi. Hakuna mashine ya pili iliyonunuliwa. Ni pengo tu lililojazwa. (Unga ungechanganyika, ni kweli, lakini prosesa ina uangalifu ambao mashine ya kusaga haina: inajua kila chembe ni ya nani.) Wateja wote wawili wakiwa wepesi wa kumimina, hakuna pengo la kujazwa, watasukumana tu, na meza ndogo ya kuwekea magunia, ambayo ndiyo kashe, ikiwa haitoshi magunia mawili, kila mmoja atakuwa analiondoa la mwenzake ili aweke lake.

Haipathredi ni ruhusa hiyo ya kusimama wateja wawili. Kiini kimoja hupewa nakala mbili za yale mambo machache yanayoutambulisha uzi, hasa rejista zinazohifadhi hesabu zake za wakati huo na alama ya mahali ulipofikia, halafu vifaa vya kazi vinatumiwa kwa ushirika. Mfumo endeshi huona prosesa mbili mahali ambapo pana kiini kimoja, na prosesa hizo za kuonekana huitwa prosesa za kimantiki. Wazo lenyewe halikuzaliwa Intel. Mwaka 1995 Dean Tullsen, Susan Eggers na Henry Levy wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichapisha utafiti uliolipa sura ya kitaalamu, na kampuni ya Digital ilikusudia kulitumia katika prosesa yake ya Alpha ambayo haikufika sokoni. Intel ililitoa kwanza mwaka 2002 katika prosesa za Xeon za kompyuta kubwa za ofisi, na mwezi Novemba mwaka huohuo katika Pentium 4 ya gigahezi 3.06. Wahandisi wake walieleza kwamba nyongeza hiyo ilitanua eneo la silikoni kwa chini ya asilimia 5, na kwamba katika baadhi ya kazi za seva ufanisi ulipanda kwa hadi asilimia 30.

Takwimu hizo mbili zinastahili kushikwa pamoja, maana mara nyingi ya pili hunukuliwa peke yake. Asilimia 30 ni kilele, tena kilele cha kazi za seva, ambako maombi mengi ya watumiaji mbalimbali hushughulikiwa kwa wakati mmoja. Kwa gharama ya asilimia 5 ya silikoni hiyo ilikuwa biashara nzuri sana kwa mtengenezaji. Kwa mnunuzi aliyeona prosesa mbili kwenye kioo akadhani amepata kasi mara mbili, ilikuwa ni kujidanganya kwa hesabu.

Pentium 4 zenyewe zilikuwa na matatizo yake, na kwa kuwa bado zinaweza kukutwa zikitumika kama mashine za kuchapia tu, inafaa kuyaeleza. Katika zile za mwanzo kashe ya kwanza ya data ilikuwa na kilobaiti 8 tu, meza ndogo kweli ya kuwekea magunia mawili. Baadhi ya vifaa vyake, kama vile orodha ya maagizo 126 yaliyo njiani kutekelezwa, vilikatwa nusu kwa nusu pale nyuzi mbili zilipokuwa hai, kila uzi ukabaki na 63, ili mmoja usimeze sehemu yote ya mwenzake. Kwa hiyo programu nzito iliyoandikwa kwa uzi mmoja, ikiwa pembeni yake kuna programu nyingine inayogusagusa kazi ndogondogo, ingeweza kwenda polepole kuliko haipathredi ikiwa imezimwa. Windows 2000 iliongeza ubaya, kwa sababu haikujua kutofautisha prosesa halisi na ya kimantiki: katika kompyuta yenye prosesa mbili halisi, ingeweza kuzirundika kazi mbili kwenye kiini kimoja na kukiacha kingine kimelala. Windows XP ilijua tofauti hiyo, na mifumo iliyofuata imeijua zaidi. Windows 7 na Linux za miaka ya karibuni hupendelea kukijaza kwanza kila kiini uzi mmoja kabla ya kuongeza wa pili. Ushauri wa kuizima haipathredi, ambao bado huzunguka miongoni mwa mafundi wa zamani, ulizaliwa katika kipindi hicho na ulikuwa na ukweli wake. Kosa ni kuubeba hadi kwenye kompyuta za leo.

Mwaka 2006 Intel ilileta familia ya Core 2, iliyojengwa kwa muundo tofauti na isiyo na haipathredi kabisa, na mwenye Core 2 Duo hana haja ya kuitafuta. Ilirudi mwaka 2008 kwa njia mbili: katika Core i7 za kwanza, ambazo kashe zake na njia yake ya kumbukumbu zilikuwa pana kiasi cha kulisha nyuzi mbili vizuri, na katika Atom, prosesa ndogo ya kompyuta za mkononi za bei nafuu. Atom N270 ilikuwa na kiini kimoja cha gigahezi 1.6 kilichotekeleza maagizo kwa mpangilio uleule yalivyoandikwa bila uwezo wa kuruka lile lililokwama, na kwa hiyo kila kikwazo kilikisimamisha kiini kizima. Hapo uzi wa pili ulikuwa msaada wa wazi, na kuizima haipathredi katika kompyuta ya aina hiyo ni kuinyima pumzi.

Kompyuta zinazouzwa zaidi kama mtumba hivi sasa ni za familia za Core i3, i5 na i7, nazo ndizo zinazomchanganya mnunuzi. Core i3-2100 ya mezani ina viini 2 na nyuzi 4. Core i5-2400 ya mezani ina viini 4 na nyuzi 4, yaani haina haipathredi. Core i7-2600 ina viini 4 na nyuzi 8. Lakini Core i5-2520M, ambayo ni ya kompyuta ya mkononi ya kizazi hichohicho, ina viini 2 na nyuzi 4, sawa na i3 ya mezani. Muuzaji akifungua Task Manager ya Windows na kuonyesha michoro minne, mnunuzi asiyeuliza anaweza kuondoka na viini viwili akiamini amenunua vinne. Dawa ni kusoma maneno yaliyo chini ya mchoro, ambako Windows 8 na zilizofuata huandika kando kwa kando idadi ya viini na idadi ya prosesa za kimantiki. Namba ya pili ikiwa mara mbili ya ya kwanza, haipathredi ipo na imewashwa. Katika Linux agizo la lscpu hutoa taarifa hiyohiyo. Idadi zikiwa sawa, ama prosesa haina uwezo huo, ama umezimwa, na jina kamili la prosesa ndilo litakaloamua.

Hapa ndipo linapokuja jambo ambalo fundi mwaminifu angemweleza mteja kabla ya kugusa chochote. Kompyuta ya steshenari inapochukua dakika tatu kuwaka na nusu dakika kufungua hati, haisubiri kile ambacho haipathredi inakiponya. Inasubiri diski. Diski kuu ya sahani zinazozunguka huhitaji takriban milisekunde 10 kufikia data iliyo mahali pasipofuatana, muda ambao ni mapigo milioni 30 ya prosesa ya gigahezi 3, na ni mara laki moja ya safari ya kwenda kwenye kumbukumbu kuu. Kama safari ya kumbukumbu ingechukua dakika moja, ya diski ingechukua zaidi ya miezi miwili. Mteja wa pili kwenye mdomo wa mashine hana la kufanya ikiwa wote wawili wanangoja lori lilelile lilete mahindi. Kumbukumbu kuu ikiwa ni gigabaiti 2 tu, hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa mfumo endeshi huanza kuhamishia diskini yale yasiyoenea kwenye kumbukumbu, na kila mtumiaji anapobadilisha kutoka kivinjari kwenda kwenye hati, safari ile ya miezi miwili huanza upya. Kwa kompyuta ya namna hiyo, kubadilisha diski na kuweka SSD, ambayo haina sahani na hujibu kwa chini ya milisekunde moja, pamoja na kuongeza kumbukumbu hadi gigabaiti 8, kutabadilisha kazi ya siku nzima. Kuwasha haipathredi hakutaonekana. Tena baadhi ya programu, hasa zinazobana video, huanzisha vibarua wengi kadiri ya idadi ya prosesa za kimantiki zinazoonekana, na kila kibarua hudai kipande chake cha kumbukumbu, hivyo kwamba katika kompyuta yenye kumbukumbu finyu haipathredi inaweza hata kuongeza msongamano.

Zipo kazi, hata hivyo, ambazo haipathredi huzinufaisha waziwazi. Mpiga video wa harusi na sendofu anapoibadilisha rekodi ya saa nne iingie kwenye flashi ya mteja, programu yake huigawa kazi katika vipande vingi visivyotegemeana sana, na asilimia 20 au zaidi iliyookolewa katika kazi ya usiku kucha ni saa nzima au mbili. Hali ni hiyo pia katika kuunda taswira za pande tatu kutokana na picha nyingi za kawaida, mbinu ambayo imetumika ndani ya Ngorongoro yenyewe: nyayo mpya za binadamu wa kale zilizogunduliwa Laetoli mwaka 2015, na kutangazwa Desemba 2016 na timu iliyowajumuisha Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilipimwa na kuchorwa kwa njia hiyo, nyayo zenye umri wa miaka milioni 3.66 zikageuzwa kuwa mamilioni ya nukta zenye vipimo. Kompyuta hulinganisha kila picha na jirani zake, na kwa kuwa kila jozi ya picha ni kazi inayojitegemea, nyuzi zote hupata la kufanya. Mwanafunzi anayejaribu mbinu kama hiyo kwa Core i7 ya mtumba ana sababu nzuri ya kuhakikisha nyuzi zake 8 zimewashwa.

Mazingira ya Karatu yana neno lake katika suala hili, nalo ni vumbi. Kiini kinachojazwa kazi hula umeme zaidi na kutoa joto zaidi kuliko kiini kinachosubirisubiri, na prosesa inapopata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi ili isiungue. Udongo mwekundu wa nyanda hizi, ambao wakati wa kiangazi huingia hata katika vyumba vilivyofungwa madirisha, hujishika kwenye feni na kwenye mapezi ya chuma yanayopoza prosesa hadi hewa isipite. Tena hewa yenyewe ni nyepesi: Karatu iko karibu meta 1,500 juu ya usawa wa bahari na ukingo wa kasoko ya Ngorongoro karibu meta 2,300, ambako uzito wa hewa ni kama sehemu nne kati ya tano za ule wa pwani, na hewa nyepesi hubeba joto pungufu kwa kila mzunguko wa feni, ingawa ubaridi wa huko juu hufidia sehemu ya upungufu huo. Kompyuta yenye vumbi la miaka mitano inaweza kuwashiwa haipathredi na ikaishia palepale ilipokuwa, kwa kuwa ufanisi ulioongezwa kwa mkono mmoja umeondolewa na joto kwa mkono mwingine. Brashi, blowa na krimu mpya ya kupozea prosesa vitangulie.

Suala la usalama wa haipathredi limekuwa likizungumzwa sana tangu mwaka 2018, ingawa chimbuko lake ni la zamani zaidi. Mwaka 2005 Colin Percival wa mradi wa mfumo endeshi wa FreeBSD alionyesha kwamba uzi mmoja unaweza kupeleleza ufunguo wa siri unaotumiwa na uzi jirani kwa kupima tu jinsi kashe wanayoshirikiana inavyovurugwa. Juni 2018 mradi wa mfumo endeshi wa OpenBSD ukaanza kuizima haipathredi bila kusubiri mtumiaji aombe. Agosti mwaka huo ukatangazwa udhaifu wa L1TF, na Mei 2019 mwingine wa jamii hiyohiyo, uitwao MDS, ambao uliifanya Google iizime katika toleo la 74 la Chrome OS. Apple nayo iliwaeleza watumiaji wanaotaka kinga kamili kwamba ingeweza kuwagharimu hadi asilimia 40 ya ufanisi. Hatari hizo ni nzito kwa kampuni zinazokodisha seva moja kwa wateja wasiojuana. Kwa steshenari ya Karatu, ambako flashi kumi za wateja huchomekwa kabla ya saa sita mchana, virusi vya flashi ni adui aliye karibu zaidi, na ndivyo pia ulivyo mfumo endeshi usiopata tena marekebisho: msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha 8.

Anayetaka kujaribu hahitaji kumwamini mtu. Kompyuta inapowashwa, kabla mfumo endeshi haujaanza, kitufe kimoja hufungua ukurasa wa mipangilio ya msingi uitwao BIOS. Katika Dell nyingi ni F2, katika HP za ofisi ni F10, na katika ThinkCentre za Lenovo ni F1. Humo, mara nyingi chini ya sehemu inayohusu prosesa au ufanisi, hukutwa mstari wenye jina la Hyper-Threading, ambao hubadilishwa, kisha mabadiliko huhifadhiwa na kompyuta huwashwa upya. Baadhi ya kompyuta za mkononi hazionyeshi mstari huo, na ndani yake haipathredi huwa imewashwa daima. Jaribio la maana ni la kazi ya mwenyewe: video ileile ibadilishwe, au folda ileile ibanwe, mara tatu ikiwa imewashwa na mara tatu ikiwa imezimwa, kwa saa ya mkononi, bila programu nyingine kufunguliwa. Kuandika barua kusipimwe, kwa kuwa hakuna prosesa ya miaka ishirini iliyopita iliyowahi kuchelewa kuliko vidole vya mwandishi.

Intel yenyewe imeanza kubadili msimamo. Core i7-9700K ya mwaka 2018 ilikuja na viini 8 bila haipathredi, na mwaka 2024 kampuni hiyo iliiondoa kabisa katika prosesa za Lunar Lake na Arrow Lake, ikiona kwamba viini vidogo vingi visivyokula umeme mwingi hujaza mapengo ya kazi vizuri kuliko uzi wa pili ndani ya kiini kikubwa, ilhali mshindani wake, kampuni ya AMD, imeendelea na mbinu kama hiyo ambayo iliianza katika prosesa za Ryzen mwaka 2017. Kompyuta hizo zisizo na haipathredi zitakapochoka katika ofisi za ng'ambo na kufika Karatu kama mtumba, mnunuzi atakayefungua Task Manager atakuta idadi ya viini na ya prosesa za kimantiki ziko sawa, na huko kwenye BIOS hakutakuwa na mstari wa kuwasha.